Kamati ya Sabuni na Flamingo Waliohama

Natangaza kwa fahari kwamba mwaka wa 1956 mimi, Khaemba, nilikuwa Katibu wa Kamati ya Kuchunguza Maji Machafu ya Nyumbani, Nakuru. Flamingo walikuwa wamehama. Mwani, ule ukijani wanaokula ziwani, ulikuwa unakufa, na Bwana Pemberton, Afisa wa Maji, alishamjua mkosaji: sabuni ya akina mama wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kilichobaki ni ushahidi tu.

Akapiga marufuku sabuni landhini, uchunguzi ukiendelea.

"Wewe karani!" Truphosa Nanyama, mama anayefulia watu nguo, alinikamata koti. "Nguo za wenyewe nitaosha na mate?"

"Utaosha na utiifu," nilimwelimisha.

Wiki mbili hakupata kazi. Watoto wake wakala viazi vitupu asubuhi na jioni. Niliandika: "Wananchi wanashirikiana vizuri."

Kirit, fundi wa maabara, akapanga chupa ishirini za maji ya ziwa, kijani kibichi, akatia kila moja kijiko cha maji ya sabuni ya nyumba moja ya landhi, yaliyochotwa kabla ya marufuku. Bwana Pemberton akaagiza chupa ya ishirini na moja, iwe mfano wa maji yasiyo na hatia: maji aliyooga yeye.

Siku ya tatu, chupa za landhi zilikuwa zimestawi kama shamba la Molo. Moja tu ilikuwa nyeupe, mwani wote umelala chini.

"Hii imekufa kabisa," Kirit alisema, akakohoa. "Ni ya Bwana."

Kumbe Bwana, kwa kuogopa magonjwa yetu, alikuwa akimwaga nusu chupa ya dawa ya kuua viini kila akioga. Maafisa wenzake wote wa mtaa wa juu vilevile.

"Andika chupa zilichanganyika," aliniamuru.

"Nimeshapiga simu ya maandishi Nairobi, Bwana. Uliniambia nisichelewe."

Jibu likaja saa nane: sabuni irudishwe landhini, wenye maji ya sumu wasioge hadi flamingo warudi.

Wiki ya sita bila kuoga, Bwana Pemberton alikuja mwenyewe mlangoni kwa Truphosa, ameshika shati.

"Mama, tafadhali, unaweza kuosha hii?"

Truphosa akarudi nyuma hatua tatu.

"Weka hapo chini, mzee. Halafu simama kule, upande upepo unakoenda."