Sukari ya Sisimizi

Jumatatu, 4 Mei

Maafa. Nimegeuza jani la kabichi ya tatu kutoka ukutani, nikakuta upande wa chini umejaa. Vidukari! Mamia yao. Rangi ya majivu, wadogo kama mbegu za ufuta, wamebanana bega kwa bega wakifyonza jani bila haraka wala aibu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani madukani. Hata mwuzaji mwovu kuliko wote huondoa kidole kwenye sahani ya mizani anapomwona mkaguzi. Hawa hawakuondoa chochote.

Naandika masharti hapa nisije nikajifanya nimeyasahau. Kiwanja hiki nyuma ya jiko, hatua sita kwa nne, kilikuwa cha nyaya za kuanikia nguo. Mke wangu alinikabidhi nilipostaafu, ili nipate pa kwenda asubuhi badala ya kumfuata jikoni nikihesabu vijiko. Tangu hapo nguo zinaanikwa sebuleni, nasi tunakula chini ya mashuka yanayodondosha maji. Amechoka. Jumapili ya tarehe 17 dada yake mkubwa anakuja kula nasi mchana. Kama siku hiyo hakutakuwa na kabichi ya bustanini mezani, nyaya zinarudi.

Nami nitakwenda wapi? Ndani ya nyumba hii hata kiti cha barazani kina mwenyewe. Ni paka.

Kabichi ninazo kumi na nne. Siku ninazo kumi na tatu.

Jumanne, 5 Mei

Mshtuko mwingine. Nimekagua majani kwa kioo changu cha kukuzia, nikakutana na madude. Meusi, yenye mabaka ya rangi ya chungwa, miguu sita, mgongo wa magamba. Mamba kabisa, ila urefu ni wa punje ya mchele. Wanatembea juu ya kabichi yangu kama wenye hati ya kiwanja.

Nimeelewa mara moja. Vidukari ni watoto. Hawa mamba ndio wazazi. Ushahidi: mmoja nimemwona amembeba kidukari mdomoni. Mama anamhamisha mwanawe.

Nimewakusanya wote katika chupa tupu ya jamu. Arobaini na mmoja. Kuwaua wazazi mbele ya watoto si uungwana. Nimewamwaga upande wa pili wa ukuta, kwa mkunga.

Mkunga huyu amestaafu kama mimi. Ni rafiki wa mke wangu, na kwa hiyo hunivumilia. Naye amepanda kabichi, naye ana vidukari. Nimewaona kupitia ufa wa ukuta. Mwezi uliopita alizitazama kabichi zangu akasema zimezaliwa kabla ya siku zao. Sikumjibu. Leo nimemjibu mara arobaini na moja.

Alhamisi, 7 Mei

Msaada umefika bila kuitwa! Sisimizi wanapanda shina kwa mstari ulionyooka, wanakwenda moja kwa moja kwa vidukari na kuwagusagusa mgongoni kwa vipapasio vyao. Hivyo ndivyo askari anavyomshika mtu bega kabla ya kumwambia twende kituoni. Nimeguswa moyo.

Askari haishi kwa hewa. Nimechukua sukari jikoni, vijiko kumi, nikaimwaga kwa mstari kutoka ukutani hadi kwenye kila kabichi.

Mkunga amechungulia, akauliza namwaga nini. Nimemwambia mbolea. Akasema, kwa ile sauti yake ya wodini, kwamba sisimizi hawawakamati vidukari bali wanawachunga. Vidukari hutoa maji matamu, nao sisimizi huwakamua kama sisi tunavyokamua ng'ombe.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Mama wa watu amezalisha miaka mingi mno. Sasa anaona maziwa kila mahali.

Jumamosi, 9 Mei

Jeshi limeongezeka maradufu, na sukari ninayolimwagia kila asubuhi pia. Vidukari nao wameongezeka. Ni kawaida: washukiwa hukusanywa mahali pamoja kabla ya kupelekwa.

Mamba ishirini na sita wengine wamekwenda kwa mkunga.

Mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoadoa meusi, ametua kwenye kabichi ya tano bila kibali. Sisimizi wamemfukuza kwa pamoja. Nimewapigia makofi.

Mke wangu ameuliza bakuli la sukari limekuwaje. Nimemwambia bei zimepanda. Amesema bei haili sukari.

Jumanne, 12 Mei

Siamini macho yangu. Nimeyapangusa, nikatazama tena kupitia ufa. Kabichi za mkunga ni safi! Majani yametanuka, yanang'aa kama sahani zilizooshwa. Kidukari hata mmoja hayupo. Na mamba wangu wanazurura humo humo, wamenenepa kama wakwe.

Hakuna dawa aliyonyunyiza; ningeinusa. Sababu ni moja tu: wazazi wametenganishwa na watoto, wakakata tamaa ya kuzaa tena.

Zangu zimejikunja. Majani yananata, yameota ukungu mweusi. Kati ya kumi na nne zimebaki tatu zinazoweza kuitwa kabichi mbele ya mtu mwenye miwani. Kubwa kuliko zote ni kama ngumi ya mtoto mchanga.

Jumapili inakuja mbio.

Alhamisi, 14 Mei

Mkunga ameninong'oneza kupitia ufa niwaoshe vidukari kwa maji ya sabuni na niache kabisa hiyo mbolea yangu tamu. Kumbe alikwisha kuionja! Nimemjibu kwamba kabichi si soksi.

Jioni nimemkuta mke wangu bustanini. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta kwa hatua zilizo sawa, midomo ikichezacheza. Alikuwa anapima nyaya.

Sikuweza kumaliza chai yangu. Isitoshe, haikuwa na sukari.

Jumamosi, 16 Mei

Dhamiri imelala, mimi sikulala. Asubuhi mke wangu alipokwenda kusukwa, nilikwenda sokoni nikanunua kabichi kubwa kuliko zote. Mizani ya mama aliyeniuzia ilikuwa imepunja gramu hamsini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza.

Nimeing'oa kabichi ya tatu, ile iliyoanzisha msiba huu, nikachimba shimo mahali pake, nikakizika kikonyo cha kabichi ya sokoni na kushindilia udongo. Nimemwagilia maji. Nimeegemeza majani ya jirani zake pembeni ili ionekane ina ukoo. Nimerudi nyuma hatua tatu.

Imependeza! Hata mimi nimekaribia kujipongeza.

Jumapili, 17 Mei

Nitaandika kwa utaratibu.

Dada mkubwa amefika mapema. Nyuma yake, mkunga! Mke wangu amemwalika bila kuniarifu. Kisha akatangaza kwamba mboga haijakatwa bado, na kwamba twende sote tumwone mzee akivuna mwenyewe.

Tukasimama bustanini. Nimeishika kabichi kwa mikono miwili, nikakaza miguu, nikajikunja kama mtu anayeng'oa nguzo.

Imetoka kama kofia.

Mizizi haikuwapo. Dada mkubwa ameuliza mizizi iko wapi. Nimemweleza kwamba kuna mbegu za kisasa. Mkunga amevaa miwani, ameipokea kabichi kutoka mikononi mwangu kama anavyopokea watoto, akaigeuza na kupangusa udongo kwenye kikonyo. Chini ya udongo kulikuwa na majivu.

"Shemeji," amesema, "hii ni yangu. Mimi hukata mshazari na kupaka majivu ili isioze njiani. Ijumaa nilimpelekea yule mama wa sokoni kabichi saba."

Nimetafuta pa kutazama. Kila mahali palikuwa na mtu.

Mkunga hakuishia hapo. Amenishukuru! Amesema mbele ya wote kwamba wale wadudu weusi wenye mabaka ndio wanaokula vidukari, kidukari baada ya kidukari, kisha hukua na kuwa wale wekundu wenye madoadoa. Amesema alipoona nawamwaga kwake wiki nzima, alijua ni ukarimu wa jirani asiyependa kujionyesha, ndiyo maana hakuuliza.

Kumbe yule mamba wa kwanza hakuwa anamhamisha mwanawe. Alikuwa mezani.

Dada mkubwa amecheka mpaka kilemba kimemtoka. Mke wangu hakucheka. Ametazama ule mstari wa sisimizi kutoka ukutani hadi kwenye kabichi, akaufuata taratibu kwa macho, akarudi nao.

"Kilo mbili za sukari yangu, bwana," amesema. "Umewalipa mshahara wachungaji wa wezi. Kesho nyaya."

Tumekula. Ilikuwa kabichi tamu sana. Nimeomba ya pili, nikala bila kuinua uso. Kwa haki kabisa, ililelewa na mamba wangu.

Jumatano, 20 Mei

Nyaya zimefungwa, nguo zimetoka sebuleni. Kwa mara ya kwanza katika mwaka tumekula bila kudondoshewa maji. Nimeona dari. Ina ufa.

Asubuhi nimetoka nje kwa mazoea, nikasimama chini ya mashuka kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Pembeni nimekuta ndoo kuukuu, imejazwa udongo, ina mche mmoja wa kabichi kutoka kwa mkunga. Kando yake kigoda. Mke wangu amesema kupitia dirisha la jiko kwamba hapo ndipo pa kwenda, na kwamba akiona punje moja ya sukari nje ya kikombe, ndoo ni yake ya kudekia.

Nimekaa.

Mkunga amenirudishia mamba kumi katika ile ile chupa ya jamu. Nimewapokea kwa adabu, na alipoondoka nimewarudisha ukutani kwake. Wangewatisha wageni wangu.

Maana nina wageni! Vipepeo wawili weupe. Wanatua juu ya mche, wanazunguka, wanatua tena. Nimewakagua kwa kioo: hawana meno. Wameacha chini ya jani vitone vya manjano, vimesimama wima kwa safu, nadhifu kuliko daftari la mkaguzi. Mkunga amepaza sauti kutoka kwake kwamba hayo ni mayai ya viwavi, niyapanguse leo hii kabla hayajaanguliwa. Nimemjibu kwamba wazazi wazuri hivi hawawezi kuzaa watoto wabaya.

Wanaonekana wana kiu. Mke wangu amelificha bakuli la sukari nyuma ya pipa la unga. Nimelipata.