Intaneti ya Mahari ya Nekoye

Jumatatu, 9 Juni 2025
Jumamosi mzee Kosgei, baba wa bwana harusi, na jamaa zake wanakuja kwangu hapa Nakuru kuzungumzia mahari ya dada yangu, Nekoye. Mjomba wetu yuko Qatar. Kwetu, mjomba asiposema neno, hakuna mahari wala harusi. Atasema kwa video, na intaneti nimekabidhiwa mimi. Nani mwingine? Jirani Dualeh akaniambia, "Boss, vuta tu fiber kama yangu." Waya! Panya mmoja mwenye njaa na mjomba amekatika. Kusoma si kuelimika.

Jumanne, 10 Juni
Nimelinganisha. Bando za simu: za wanafunzi. Dishi la setilaiti: la matajiri waoga. Ruta ya 5G: haina waya, haina fundi. Nimeazima ya Immaculate wa saluni. Ati niiweke dirishani. Ushauri wa saluni!

Alhamisi, 12 Juni
Dirishani inasuasua. Nimepanda paani, nikaitega ndani ya sufuria ya ugali, imeelekezwa kwa mlingoti wa simu. Sufuria hukusanya mawimbi. Hiyo ni fizikia. Nekoye akauliza kama nina hakika. Nikamwambia bibi harusi hulia, haulizi. Akalia kweli. Niliumia, dakika mbili hivi.

Jumamosi, 14 Juni
Fedheha! Wageni kumi na wawili sebuleni. Mjomba akatokea, akafungua mdomo, akaganda. Nje mvua ilikuwa inajaza sufuria. Mzee Kosgei akauliza kwa upole kama mjomba amekataa, maana kwao mzee akinyamaza mbele ya wageni, amekataa. Wakaanza kuchukua kofia zao. Nekoye akakimbia kwa Dualeh bila viatu. Dualeh akaja na laptopu, akanasa Wi-Fi ya fiber yake kupitia ukuta wa nyumba zetu, mjomba akazungumza, akabariki, akacheka. Kisha wazee wakampa Dualeh firigisi, kipande cha heshima. Firigisi yangu, kaka mkubwa! Na kwa kuwa kuku alimchinja Dualeh mwenyewe asubuhi, awe halali kwake, hata kukataa kwa adabu hakukataa.

Jumapili, 15 Juni
Ruta haiwaki. Immaculate hanisalimii. Harusi ni Agosti, na Nekoye amemwomba Dualeh airushe mtandaoni. Mimi nimepewa viti vya plastiki. Wivu mtupu! Aliyeniangusha ni mvua, si maarifa. Nimemwandikia mjomba kwa siri: siku ya harusi asifungue laini ya Dualeh, asubiri yangu. Hajajibu tangu asubuhi. Mtandao wa huko nao, takataka.