Pawatila na Dumu la Mawese

Leo nimepatikana, na aliyenipata ni dumu la mawese. Nawaandikia nikiwa nimeshiba na nimeoga, ila tope la Kitanga bado limo masikioni. Mliosoma nami chuo mnanijua nilivyo na maneno mengi, kwa hiyo mtaelewa kwa nini inauma.

Kwa msiojua: mimi mtu wa Tanga nimepangiwa huku Kitanga, wilaya ya Kasulu, nafundisha fizikia sekondari. Nimejiunga na kikundi cha wakulima. Kikundi kina pawatila moja, ile trekta ndogo unayotembea nyuma yake umeishika mikono miwili. Siku ya kumtafuta mtu wa kuitunza nilinyoosha mkono mwenyewe. (Hakuna aliyeniomba.) Nikasema, "Injini ni fizikia tupu, niachieni mimi." Wakaniachia.

Leo zamu ilikuwa ya Mama Sabina. Ni jirani yangu, mjane, anauza mawese pale senta, na binti yake Sabina namfundisha Kidato cha Pili. Sasa sheria ya kikundi haina huruma. Pawatila inakuwa yako asubuhi mpaka saa sita, halafu inahamia kwa anayefuata. Hujamaliza? Unarudi mwisho wa foleni, wiki mbili mbele. Na maharage ukiyachelewesha wiki mbili huku, yanakuja kukomaa kwenye mvua kubwa na kuozea shambani. Mama Sabina hana shamba jingine.

Kwa hiyo jana jioni niliiandaa kwa moyo wote. Nikaiosha, nikabadili oili, nikajaza dizeli. Kwenye mfuniko wa tenki nikaona kitundu, chembamba kama cha sindano. Nikajisemea, humu mvua itaingia. Nikakiziba kwa gundi ya chuma, nikailainisha kwa kidole mpaka ikapendeza. Nililala nimejipongeza.

Saa moja asubuhi niko shambani. Akina mama waliokuja kumsaidia wamejipanga, mbegu kwenye mabeseni, majembe pembeni endapo yatahitajika. "Mwakeye," nikawasalimu kwa Kiha changu cha kuokoteza. Nikazungusha hendeli, ikawaka mara moja. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu injini ikaanza kukohoa, ikapanda, ikashuka, ikazima.

"Ni chujio," nikasema, hata sijainama kuangalia.

Nikafungua mfuniko wa tenki nione kama dizeli ipo. Ikasikika fyuuu.

"Mnasikia hiyo? Injini inapumua. Ni dalili ya afya." (Jamani, nilisema hivyo mbele za watu.)

Nikaosha chujio, nikafunga kila kitu, ikawaka. Nikawageukia akina mama, nikawapa lile tabasamu la mtu aliyesoma. Tabasamu lilidumu kama dakika kumi hivi. Injini ikakohoa tena, kimya.

"Sasa hii ni hewa kwenye mpira wa dizeli," nikasema. Nikafungua mfuniko, fyuuu, dizeli ipo. Nikalegeza nati, nikatoa hewa, nikakaza. Ikawaka. Ikazima. "Nozeli, ile inayonyunyiza dizeli," nikasema. Fyuuu. Nikafungua nozeli, nikaifuta kwa shati langu, nikairudisha. Ikawaka. Ikazima. Kila nikitengeneza kitu kipya inawaka vizuri, kwa hiyo kila mara niliamini nimeupata ugonjwa. Kama angekuwa mgonjwa wa kweli, ningekuwa nimeshamfanyia upasuaji wa viungo vyote.

Mwenyekiti wetu, Baba Jeneroza, alikuwa amekaa juu ya dumu tupu na simu yake mkononi. Kazi yake leo ilikuwa moja, kutangaza saa. "Mwalimu, saa nne." Baadaye kidogo, "Mwalimu, saa nne na nusu."

Akina mama wakachoka kunitazama, wakashika majembe, wakaanza kulima upande wa pili. Baada ya muda nikaona wamenipita. Majembe yameishinda injini, na mwenye injini ana shahada. Mama Sabina hakulalamika hata mara moja, na hapo ndipo roho iliponiuma kweli. Angenisema ningejitetea.

Saa tano alikuwa pembeni ya shamba anapika chakula cha watu. Mimi nimelala chali kwenye tope, naangalia uvungu wa injini, kitu ambacho hakikuwa na faida yoyote.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza tu, mama."

"Kila ikizima, unafungua huo mfuniko."

"Naangalia mafuta, mama."

"Na kila ukifungua, inawaka."

"Inawaka kwa sababu natengeneza."

"Haya," akasema. Akachukua dumu lake la mawese, akachomoa msumari uliokuwa umeziba kitundu cha juu karibu na mshikio wake, akamimina kwenye sufuria. Yakatiririka taratibu. "Huu msumari nikisahau kuutoa, mawese yanagoma humo ndani. Mpaka upepo uingie ndipo yatoke. Kwenye mfuniko wako, upepo unapita wapi?"

Nikauangalia mfuniko. Gundi yangu inang'aa, na alama ya kidole changu ipo katikati.

Ningenyamaza ningekuwa salama. Lakini mimi huyu. Nikauliza, ili tu tubadilishe mazungumzo, "Mama, haya mambo ya upepo ulijifunza wapi?"

"Kwa Sabina. Zamani dumu lilikuwa linagoma, halafu linatapika, linanimwagia nguo zote. Mwaka jana akarudi kutoka shule na daftari lake, akatoboa hapa. Akasema mwalimu wao wa fizikia amewaonyesha kwa kopo."

Nikainama kuufuta mfuniko.

"Mwalimu wao wa fizikia ni nani?" akauliza Baba Jeneroza, na anajua vizuri sana ni nani.

Mama mmoja alikaa chini palepale kwenye matuta, jembe likamtoka mkononi. Wengine wakageuka kuangalia milima. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Tukauweka msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa gundi yangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Pawatila ikawaka, haikukohoa tena. Nililima karibu nakimbia. Kwa vile majembe yalishamaliza nusu, ilibaki sehemu ndogo, ila saa sita ilitukuta tumebakiza mistari minne. Nikamtazama Baba Jeneroza. Akaitazama simu yake, akaitia mfukoni. "Imekata chaji," akasema. Dakika tano baadaye simu hiyohiyo ikaita, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mbegu ya mwisho ya Mama Sabina imeingia ardhini. Tukala ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, nikaongezewa mara mbili bila kuomba. Nimerudi nyumbani nina furaha, sitawadanganya.

Tatizo limebaki moja. Sabina yuko kwa dada yake Kasulu mjini, anarudi kesho, na Jumatatu kipindi cha kwanza ni changu. Mama yake ameniahidi hatamwambia. Alikuwa anacheka wakati anaahidi.