Ng'oeni ABS Kwenye Gari Langu

Elburgon

Kwa Bwana Kipngetich, Meneja wa Gereji, Nakuru

Natumai u mzima na kazi inaendelea. Mimi ni Wanyonyi, mwenye lile gari dogo jeupe nililonunuliwa na mwanangu Sydney. Niliendesha lori la mbao miaka thelathini na moja bila kubishana na breki. Kwa heshima, naomba mng'oe ile ABS, kile kifaa cha breki cha kuzuia magurudumu yasijifunge, kabla ya Jumamosi, kwa sababu hizi:

1. Nikifunga breki ghafla, pedali inatetemeka na kunisukuma mguu. Lori langu halikuwahi kunijibu.

2. Nilifundishwa kupampu breki: kanyaga, achilia, kanyaga, achilia, magurudumu yasije yakajifunga gari likateleza. Fundi wenu Kemboi, ambaye nilianza kuendesha kabla mamake hajaolewa, aliniambia mbele ya wateja: "Mzee, hiyo ya kupampu gari inajifanyia. Wewe kanyaga mpaka chini, shikilia, halafu zungusha usukani ukwepe." Yaani nimefutwa kazi na pedali.

3. Kemboi huyo huyo alikiri kwamba kwenye changarawe gari linaweza hata kuchelewa kusimama, na lazima bado niache nafasi mbele. Sasa hicho kifaa kinakula bure?

4. Mke wangu Eucabeth amewaambia akina mama wa kanisa kwamba siku hizi anaendeshwa na madereva wawili, na mwenye akili ndiye hana leseni. Walicheka mpaka mchungaji akauliza kuna nini.

Mkikataa kuking'oa, basi kipelekwe mtihani wa udereva, kipewe leseni, na askari wa trafiki akitusimamisha kijieleze chenyewe. Jumapili kikae kwenye benchi la wazee wa kanisa, pahali pangu.

Wasalimie mafundi wote, Kemboi pia, na mama wa chai.

Ni mimi mwenye uchungu,
Wanyonyi, Dereva Mstaafu

N.B. Nilikuwa nawaletea barua hii leo. Kabla ya Njoro, mvua ikinyesha, lori la mbele likasimama ghafla. Nilitaka kupampu lakini mguu uliganda kwa woga, ukabaki chini. Pedali ikatetemeka, usukani ukakubali, tukalikwepa lori, tukasimama kwenye nyasi. Eucabeth alikuwa kando yangu. Hana hata mkwaruzo. Nililia, Bwana Meneja, na sioni haya kusema. Kifaa kiacheni. Ila mwambieni Kemboi anifundishe kutopampu, pahali ambapo wateja hawatuoni.