Kicheko wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi

Fundi cherehani mpya kafungua ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mimi. Mama mmoja mnene, mcheshi. Nimempa jina: Kicheko. Hadi adhuhuri wameingia kwake watu kumi na mmoja. Kwangu kaingia mmoja, kuuliza kwa Kicheko ni wapi. Nikamwelekeza sokoni.

Miaka kumi na tisa niko kwenye cherehani hii! Mshono wangu haufumuki hata uvutwe na punda. Lakini watu hawaangalii mshono. Wanaangalia meno.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtuma mama mkwe kupeleleza. Kachukua gauni lake kuukuu la kurekebisha, nikamsihi atafute kasoro. Karudi saa tisa, gauni mwilini, anazunguka kama pia. Anasema Kicheko amemuuliza hali ya goti lake. Nikauliza goti lipi. Akasema yote mawili, mwaka wa sita sasa, mkwe wangu.

Kasoro hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia akili. Nimemnong'oneza kinyozi, kwa siri kubwa, kwamba Kicheko anahama mwisho wa mwezi. Kinyozi hana kifua. Kufika saa sita mtaa mzima unajua.

Matokeo: foleni! Kila mtu anataka kushonewa kabla fundi hajaondoka. Kinyozi mwenyewe wa nne.

Alhamisi, 6 Machi

Kama ni kucheka, hata mimi nina mdomo. Kaja mteja wa kupunguza suruali. Nikacheka alipoingia. Nikacheka alipokaa. Nikacheka aliposema ni ya kuvaa kwenye maziko ya kaka yake. Kicheko kikishika kasi hakina breki. Kaondoka na suruali yake.

Jumamosi, 8 Machi

Kicheko kasimama mlangoni kwangu, hacheki. Cherehani yake imekufa, na gauni la bibi harusi wa kesho halina mikono. Nikauliza bibi harusi ni nani. Shemeji yangu! Mdogo wake mke wangu, aliyeniapia kwamba gauni atakodi!

Nilitaka kusema cherehani yangu nayo ni mbovu. Mke wangu akatokea nyuma, akanitazama tu. Nikampisha Kicheko kiti.

Mkono wa kushoto kauweka kombo. Sikuvumilia, nikaufumua. Tukashona pamoja hadi saa kumi na moja jioni. Akaniambia, "Kaka, kule nilikotoka nilikaa miezi mitatu bila mteja. Nilijizoeza kucheka ili watu wasijue nalia."

Nikapenga kamasi. Nikasingizia vumbi la kitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Harusi imefana. Shemeji kang'ara. Katushukuru sote wawili mbele za watu, na Kicheko akatangaza kwamba mkono wa kushoto ni kazi yangu. Nimejichunguza moyoni: wivu umekwisha kabisa. Mtu akikomaa, kakomaa.

Ila huyu mpiga picha! Akisema simameni, wanasimama. Akisema tabasamuni, hata baba mkwe, aliyeninunia tangu siku niliyomwoa bintiye, katabasamu! Mimi kaniambia, "Mzee, sogea kidogo, unaziba."

Nimesogea. Nimesogea hadi kwenye meza ya vifaa vyake, nikachungulia. Kumbe kazi yenyewe ni kubonyeza tu.

Kidole ninacho.