Jumla ya Bwana Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria. Shangazi, mwenye kampuni hii ya kukodisha suti za harusi, ametangaza kwamba atateua mkuu wa mifumo ya kompyuta. Mkuu atapewa chumba chenye mlango. Mimi kwa sasa nakaa kati ya mashine ya kahawa na choo. Tunaowania ni wawili: mimi na yule binti wa dawati la pili ninayemwita Taratibu, maana habonyezi kitufe bila kujiuliza mara mbili. Namhurumia.

Tatizo lenyewe: ukiiuliza hifadhidata yetu suti ya kumtosha mteja, inapekua zote moja baada ya nyingine, mteja anapiga miayo. Inataka faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu, iielekeze moja kwa moja. Ila faharasa ya kawaida imezoea kupanga namba mojamoja, na suti ina tatu kwa mpigo: kifua, kiuno, urefu. Taratibu kasema itabidi tutengeneze faharasa maalumu, kazi ya wiki kadhaa. Mimi nimemwahidi shangazi itakuwa tayari kesho jioni.

Jumanne, 4 Machi

Jibu limenijia napiga mswaki. Ili ipange vitu, mashine inataka kujua tu kipi kikubwa, kipi kidogo, vipi vinalingana. Basi nimejumlisha! Kifua, ongeza kiuno, ongeza urefu, inatoka namba moja, faharasa inaipanga bila kinyongo.

Nimeijaribu kwa vipimo vyangu mwenyewe. Suti imepatikana kufumba na kufumbua, na imenikaa utadhani nimezaliwa nayo. Majaribio yamekamilika. Taratibu kauliza kama nimejaribu na mtu mwingine. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi kafurahi mpaka kanishika shavu mbele ya watu. Kasema Jumamosi anamwoza kitindamimba wake, na harusi hiyo ndiyo itakuwa mtihani wangu. Ikienda vizuri, chumba ni changu.

Bwana harusi, yaani binamu yangu, yuko safarini, anaingia asubuhi ya harusi. Vipimo katuma kwa simu: kifua 90, kiuno 75, urefu 195. Mlingoti wa mtu. Mpambe wake ni yule tunayemwita Kibonge: 106, 100, 154. Nimeingiza vyote, suti mbili zimetoka papo hapo, nimezifunga kwenye mifuko.

Taratibu kaja na tepu shingoni, kaomba azipime kabla hazijaondoka. Nikamwambia mashine haikosei hesabu. Kasema hesabu ndiyo inayomtia wasiwasi. Nimeiazima tepu yake nikapima mlango wa chumba changu, nijue kibao cha jina kikae wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka kabla watu hawajaipotosha habari hii.

Binamu kavaa koti, mikono ikaishia viwikoni, na kiunoni mlikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Kibonge naye kaingiza miguu kwenye suruali, kavuta, sote tukasikia mshono wa nyuma ukiachia. Taratibu kajumlisha kwa kalamu kiganjani. Wote wawili ni 360. Kwa faharasa yangu, binamu na Kibonge ni mtu mmoja.

Wakabadilishana, lakini suruali ya bwana harusi ndiyo hiyo iliyochanika. Kafunga ndoa na pini nyuma, mgongo ukutani. Keki ilibidi isogezwe alipo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeisukuma meza yake. Nimeona aibu, kweli. Mpaka wali ulipoletwa.

Jumatatu, 10 Machi

Taratibu kahamia kwenye chumba chenye mlango. Anatengeneza faharasa inayoangalia kila kipimo peke yake. Mimi nimepelekwa chumba cha pasi. Shangazi kasema nipumzishe kichwa.

Hakijapumzika. Nimelichambua suala zima bila upendeleo, na nimegundua kosa halikuwa langu. Lilikuwa la kujumlisha. Kwa bahati nzuri mjomba ana duka la viatu, na viatu navyo vina urefu, upana na kisigino. Nimeshampigia simu, kakubali.

Safari hii sijumlishi. Nazidisha.