Zimamoto wa Dhahabu Aliyekuja na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeapa. Mke wangu kasimama mlangoni mwa chumba changu cha maroboti, mikono kiunoni, kasema siku roboti mwingine akiingia nyumba hii, chumba kinakuwa cha mama yake na maroboti wote wanakwenda kwa watoto wa mtaa. Nikaapa, mkono kifuani. Basi. Nimeacha.

Nimewaangalia kabla ya kulala. Kila mmoja ndani ya boksi lake, gundi ya kiwandani haijaguswa. Sijawahi kufungua hata mmoja. Roboti anayegeuka gari au ndege, ukishamfungua, ni kitu cha kuchezea tu. Mke wangu anasema ndivyo alivyo hata kabla ya kufunguliwa.

Jumanne, 4 Juni

Kiapo kimefika hadi saa ya chai. Kipara, mchonga funguo aliye mkabala na duka letu la miwani, naye mkusanyaji, kavuka barabara kunionyesha simu yake. Zimamoto wa Dhahabu! Roboti anayegeuka gari la zimamoto, anauzwa ng'ambo tu, tena katika mji mmoja. Kipara kasema ana mtu wake huko anamshughulikia. Mimi, kasema kwa huruma, atanionyesha picha. Wakati huo nilikuwa nakata lenzi ya mteja. Nimeikata ya duara. Fremu yake ni ya mraba.

Sasa, mji huo ndiko anakoishi shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Na mama mkwe yuko kwake kumtembelea, anarudi Jumamosi kuja kukaa kwetu. Mimi sikuutafuta mpango huu. Umenifuata wenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimempigia simu mama mkwe. Nilisimama muda wote, kwa heshima, ingawa hanioni. Mkwe ni mkwe. Utamwambiaje mama aliyekuzalia mke kwamba wewe, baba mzima mwenye kitambi, unataka roboti? Nikasema ni kifaa cha kupimia macho, cha kazini, na shemeji analijua duka. Nikamwomba asimwambie binti yake, mambo ya ofisi. Halafu nikamsihi asikifungue kwa sababu kina mionzi.

Mionzi! Sijui imetoka wapi. Ulimi wangu una mambo yake.

Akasema sawa, baba, usijali, akanisifu kwamba najituma. Nilijisikia vibaya mpaka nilipokata simu. Shemeji nimemwandikia jina lenyewe la roboti, na jioni katuma picha ya boksi na kuuliza kama niko salama kichwani.

Ijumaa, 7 Juni

Mtu wa Kipara amekwama. Nimepita kibandani kwake mara kadhaa bila shughuli yoyote. Mwishowe nimechongesha ufunguo wa mlango tuliokwisha kuuondoa, ili nipate nafasi ya kumwambia aje Jumatatu kuona kitu. Kapinda uso. Siku tamu sana.

Mpango ni huu: kesho naenda uwanja wa ndege peke yangu, napokea mama, napokea boksi, nalificha dukani, tunakwenda nyumbani. Hauna tundu.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kasema naye anakuja. Ni mama yake, nitamkatalia kwa lipi?

Abiria wote wakatoka. Mama mkwe hatokei. Mke wangu akaanza kutembea huku na huko, na mimi nikaenda kuuliza kama kuna mlango mwingine wa kutokea. Mwishowe akatoka, kilemba kimepinda, maafisa wawili nyuma yake.

Akatusimulia pale pale, polepole, bila kunisitiri hata kidogo. Waliuliza boksi lina nini. Akajibu alivyoambiwa na mkwe wake: kifaa cha macho, kina mionzi. Basi watu wakaondolewa ukumbini. Boksi likachanwa vipande vipande. Akatoka roboti wa dhahabu, na mkubwa wao akamuuliza kama huko kwao macho yanapimwa kwa hiki. Mama hajazoea kuitwa mwongo. Akamchukua yule roboti, akamkunja huku, akamvuta kule, akawawekea mezani gari la zimamoto lenye ngazi. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Yeye hakucheka.

Akanikabidhi ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema, kifaa chako hicho, mwanangu, mionzi wameitafuta hawakuiona. Njiani mke wangu kakaa kiti cha nyuma na mama yake, kaniacha mbele kama dereva wa teksi. Bora angenitukana.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu hakubadili neno. Chumba cha mama. Maroboti kwa watoto wa mtaa. Nimebeba kitanda nikiwa nimevimba macho.

Ndipo mama mkwe akasema hapana. Yeye ndiye aliyeaibishwa mbele za watu kwa ajili ya vitu hivi, kwa hiyo sasa ni vyake na havitoki. Nilitamani kumbusu miguu.

Kisha mama akaomba mkasi. Kasema hawezi kulala ghalani.

Kafungua wote. Kaniamuru nimsaidie. Ndege wa kwanza alipogeuka mikononi mwangu nilicheka kwa sauti. Kumbe wanageuka kweli! Miaka yote hii nilikuwa nasoma tu kwenye boksi. Mke wangu alipopita alinikuta sakafuni na mama yake. Nikamwambia nimekosa. Akasema anajua, akaketi, akaomba yule anayegeuka lori. Sijafurahi hivi siku nyingi. Nimeacha, na safari hii kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Kipara kaja. Kaona maboksi matupu uani, kavua kofia, kanipa pole kama nimefiwa. Akaomba ayachukue. Mlangoni akageuka kunieleza kwamba mwezi wa nane wanatoa wa fedha, anageuka gari la wagonjwa. Mji ule ule.

Wakati wa chakula nimesema si vizuri mama akae muda mrefu bila kumwona mwanawe, mwezi wa nane ungefaa sana. Mke wangu machozi yakamlengalenga. Kasema hakujua kama nampenda mama yake kiasi hicho.

Nimelipima sanduku la mama. Boksi linaingia, akipunguza nguo. Safari hii nitamwambia ni kifaa cha kupimia masikio.